Fundi wa Mapumziko

Jioni hii sitazungumza habari za siasa wala bei ya unga, bali naomba idhini yenu niwachukue mpaka kando ya ziwa moja lililo baidi nasi, katika milima ya Sierra Nevada huko Marekani, nikawaonyeshe kazi ya watu ambao mgeni wa ziwa hilo huwapita mara kumi kwa siku bila kuwaona, kama mvaaji wa kanzu asivyouona uzi ulioishona.

Cheo cha watu hawa, kikitajwa kwa lugha ya wenyewe, hakikubali kwa urahisi kuingia katika Kiswahili. Ukikifasiri neno kwa neno utapata fundi wa starehe, na atakayesikia hivyo atadhani unamsema mpiga gambusi au mpishi wa karamu. Mimi nimeona heri niwaite mafundi wa mapumziko, kwa kuwa kazi yao ni kupatengeneza mahali ambapo watu wengine huja kupumzika, na ufundi wao, kama mtakavyosikia, hauna uhusiano mkubwa na kupumzika. Nao huajiriwa kwa msimu. Neno msimu tumelipokea kutoka Kiarabu, na sisi watu wa pwani tumelitumia dahari kwa habari ya pepo: kaskazi iliyoyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi iliyoyarudisha. Nahodha aliyechelewa kung'oa nanga, kusi ikampita, alikaa Unguja akitazama mawimbi na kuhesabu deni lake mpaka mwaka ugeuke. Kwa hiyo msikilizaji wa Lamu au wa Pangani hahitaji kufundishwa maana ya kazi ya msimu. Anajua tangu utotoni kwamba kuna kazi ambayo saa yake haishikwi na tajiri wala na mfanyakazi, bali na mbingu.

Ziwa lenyewe huitwa Tahoe. Liko juu mlimani, kiasi cha mita 1,897 kutoka usawa wa bahari. Urefu wake ni kilomita 35, upana wake kilomita 19, na kina chake, pale palipozama kuliko pote, ni mita 501. Sisi wenye Tanganyika, ziwa la kina cha mita 1,470, huenda tukatabasamu. Walakini tukumbuke kwamba Viktoria yetu, pamoja na upana wake wote unaomfanya mtu asione ng'ambo, haifikii hata robo ya kina cha Tahoe. Mito na vijito 63 humimina maji ndani ya Tahoe, na mto mmoja tu, Truckee, huyatoa, wala mto huo haufiki baharini, bali hushuka katika jangwa la Nevada ukaishia katika ziwa jingine liitwalo Pyramid, na huko maji hayana njia ya kuondoka ila kwa kupanda hewani. Mpaka wa majimbo mawili, California na Nevada, umepita juu ya maji, hata mvuvi aliye katikati anaweza kutupa ndoana katika sheria moja akavuta samaki katika nyingine.

Ama jina, asili yake ni neno la Wawasho, wenyeji wa kale wa nchi ile, na maana yake ni ziwa, si zaidi. Asemaye Ziwa Tahoe husema Ziwa Ziwa, kama sisi tulivyosema Ziwa Nyasa miaka yote hii, ilhali nyasa katika ndimi za watu wa kule ni ziwa hilo hilo. Ndivyo ramani nyingi zilivyoandikwa: mgeni huuliza hiki ni nini, mwenyeji humjibu alichoulizwa, na mgeni huandika jibu akadhani ni jina. Wawasho nao walikuwa watu wa msimu kabla ya neno hilo kuandikwa katika barua yoyote ya ajira. Theluji ilipoyeyuka walipanda ziwani kuvua na kuchuma, na baridi ilipobisha hodi walishuka mabondeni, wakaliacha ziwa lijikalie lenyewe.

Kando kando ya maji hayo zimepangwa hifadhi za majimbo. Sisemi hifadhi za taifa, kama Serengeti kwetu. Hizi ni mali ya kila jimbo peke yake, lenye sheria zake, bajeti yake na mavazi yake ya askari. Upande wa California ziko D.L. Bliss, Emerald Bay na Sugar Pine Point. Upande wa Nevada iko hifadhi moja ndefu yenye vipande vingi, kimojawapo Sand Harbor, penye mchanga mweupe na majabali ya mviringo yaliyokaa majini kama viboko waliolala.

Jina la Bliss lina kisa, nami sitakiruka. Mwaka 1859 ilivumbuliwa fedha nyingi sana katika milima ya Nevada, mahali palipokuja kuitwa Virginia City, na machimbo yale yakahitaji magogo ya kushikilia mapango yasiwaangukie wachimbaji, na kuni za kuendesha mitambo. Misitu ya kulizunguka ziwa ikakatwa, mwaka baada ya mwaka, hata vilima vikabaki na visiki. Mmoja wa wakubwa wa biashara ile ya magogo na reli alikuwa Duane Leroy Bliss. Na mwaka 1929, yeye akiwa amekwisha fariki zamani, jamaa zake wakalikabidhi jimbo la California ekari 744 ziwe hifadhi. Basi leo kijana anayemwonya mgeni asivunje hata tawi kavu la msonobari kwa kuwashia moto, humwonya akiwa amesimama chini ya kibao chenye jina la mwenye shoka. Sisemi hayo kwa kejeli. Wako wengi walioshika shoka wasiache hata ekari moja.

Na kazi ya kuijenga mandhari ya hifadhi kama hizi, yaani njia za miguu, kambi, meza za mawe na kuta za kuzuia udongo, mahali pengi katika Marekani ilifanywa na vijana wa vibarua tangu mwaka 1933, dhiki ya uchumi ilipokuwa imewakaba, na Rais Franklin Roosevelt akaanzisha jeshi la vijana lisilobeba bunduki ila sepetu na misumeno. Ujira wao ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na katika hizo, dola 25 hazikufika mikononi mwao, bali zilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wao nyumbani. Msikilizaji ambaye mwanawe yuko Muscat au Doha, au ambaye yeye mwenyewe husimama foleni ya kupokea pesa mwisho wa mwezi, ataielewa hesabu hiyo bila kalamu. Jeshi lile lilivunjwa mwaka 1942, vita vilipowataka vijana kwa kazi nyingine, lakini njia walizozichonga zingali zikikanyagwa.

Sasa tuingie kazini.

Kazi huanza kabla ya mgeni wa kwanza kufika. Mwezi Mei, theluji ikiwa bado imejilaza chini ya misonobari upande usiopata jua, fundi huingia kambini kufungua maji. Msidhani ni jambo la kuzungusha mfereji tu. Wakati wa baridi mabomba yote huachwa matupu, kwa sababu maji yakiganda hutanuka, na yakitanuka hupasua bomba la chuma kama chipukizi linavyopasua ganda la mbegu. Basi joto likikaribia hana budi kuyajaza polepole, kipande baada ya kipande, akisikiliza upepo ukitoka kwa mluzi, akitembea juu ya njia ya bomba huku macho yake yako chini, akitafuta udongo uliolowa pasipo sababu, maana hapo ndipo palipopasuka. Akiisha kuziba panapovuja, hutia dawa ya klorini, akayaacha maji yakae nayo, kisha akayamwaga yote, akakinga kidogo katika chupa iliyotakaswa, na chupa hiyo ikapelekwa maabara kutafutwa vijidudu. Mpaka jibu lirudi kwamba maji ni safi, kambi haifunguliwi, hata kama magari yamejipanga langoni na watoto wanalia ndani yake. Mgeni atakayekuja mwezi Julai, akafungua mfereji, akajaza birika, akanywa chai, hatajua kwamba amekunywa majuma matatu ya kazi ya mtu.

Nami nadhani hilo ndilo jambo la ajabu katika ufundi huu, na ndilo lililonifanya niuchague kuwa mazungumzo yangu ya leo. Seremala hukuonyesha mlango, ukausifu. Mwashi hukuonyesha ukuta. Fundi wa mapumziko akifanya kazi yake kwa ukamilifu, hapana kitu cha kuonyesha: ufuko umekaa kana kwamba hakuna aliyeugusa, hewa inanukia utomvu wa msonobari, na mgeni hujaza mapafu yake akasema, huu ndio ulimwengu jinsi Mungu alivyouumba. Ni kweli Mungu ameuumba, lakini saa kumi na mbili ya asubuhi hiyo alikuwapo mtu na toroli.

Nitasema pia habari ya vyoo, wala sitaomba radhi. Ukimwuliza fundi yeyote wa ziwani siku yake huenda wapi, hatakutajia machweo wala mashua, atakutajia vyoo. Vile vya kuvuta maji husafishwa mara kadha kutoka asubuhi mpaka jioni, na vile vya shimo, vilivyojengwa juu ya tangi la zege, hutaka kufagiwa, kupigwa maji, kujazwa karatasi, na kungojewa lori lije kunyonya. Nimepata kuwasikia wasomi wakibishana juu ya heshima ya dola, mmoja akiiweka katika majeshi, mwingine katika mahakama. Lakini raia wa kawaida, aliyesafiri saa sita na wanawe ndani ya gari lenye joto, hukutana na dola yake kwanza kabisa katika choo cha hifadhi, na hapo huijua kuwa inamheshimu au haimheshimu. Fauka ya hayo, mgeni huyo huyo atamsimamisha fundi mlangoni, fundi akiwa na brashi mkono mmoja na ndoo mkono wa pili, amwulize kwa bashasha ni wapi mahali pazuri pa kupigia picha jua likizama. Na fundi hutua ndoo, akaonyesha kwa kidole, akaeleza njia kwa adabu, kwa kuwa hilo nalo limo katika ujira wake.

Jua likikaribia kuchwa huanza habari ya dubu. Dubu weusi wa milima ile hawana kawaida ya kumtafuta mtu. Wanachokitafuta ni chakula chake, na pua zao huzidi pua za mbwa. Kila kiwanja cha hema kimewekewa sanduku la chuma lenye komeo ambalo mkono wa mtu huliweza na ukucha wa dubu haupati pa kulishika, na humo hupaswa kutiwa si nyama na mkate tu, bali sabuni pia, na dawa ya meno, na mafuta ya kujipaka, na kila chenye harufu. Wageni hucheka wakiambiwa hivyo. Lakini dubu akionja mara moja chakula cha watu hasahau. Atarudi, atavunja kioo cha gari, ataingia jikoni mwa nyumba, na aghalabu mwisho wa safari yake huwa risasi ya serikali. Kwa hiyo kijana yule anayekwenda hema kwa hema katika giza linaloanza kuingia, akimsihi bibi mmoja afungie kopo lake la marashi, hamlindi bibi peke yake. Anamwombea dubu umri.

Asubuhi yake ni majivu. Kila kiwanja kina duara la chuma la kuotea moto, na moto uliolala usiku huonekana umekufa ilhali uko hai chini ya majivu, kama fitina. Fundi humwaga maji, akakoroga kwa sepetu, akamwaga tena, kisha akateremsha mgongo wa mkono wake karibu na majivu, maana ngozi ya mgongo wa mkono husikia joto upesi kuliko kiganja kilichoota sugu. Mwezi Juni wa mwaka 2007, kusini mwa ziwa, moto wa kambi uliowashwa mahali palipokatazwa uliachwa bila kuzimwa barabara. Upepo ukauamsha, na nyumba zaidi ya 200 zikateketea. Watu huuita moto ule Angora. Tangu hapo, mtu mwenye sepetu akikuomba uzime moto wako mbele ya macho yake, si kwamba amekosa kazi.

Juu ya hatari ya maji nitasema machache. Ziwa lile haligandi wakati wa baridi, kwa wingi wa maji yake, lakini pia haliwi na joto la kwetu. Mwisho wa Julai uso wake hufikia nyuzi 18 au 20 hivi, na ukipiga mbizi kidogo unakutana na baridi inayomkata mtu pumzi. Mtu hodari wa kuogelea huruka kutoka mashuani, mwili ukashtuka, kinywa kikafunguka chenyewe kuvuta hewa, na badala ya hewa kikavuta maji. Ndiyo sababu fundi hukariri habari ya jaketi la kujiokoa mpaka yeye mwenyewe akajichoka.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho ya haraka. Mwaka 2007 iligunduliwa katika ziwa Mead, lililo kusini mwa Nevada, aina ya kome wadogo wenye asili ya Ulaya ya mashariki, ambao hujigandisha juu ya kila kitu, wakaziba mabomba, wakala chakula cha samaki wachanga, wala hakuna aliyepata kuwatoa katika ziwa kubwa wakiisha kuingia. Husafiri kwa kudandia: katika tope la nanga, katika maji yaliyobaki tumboni mwa injini. Kwa hiyo tangu mwaka 2008 mashua za injini hukaguliwa kabla ya kuteremshwa Tahoe, na mwenye mashua iliyolowa, aliyekwisha lipa hoteli na kuwaahidi wanawe, huzuiliwa. Hasira zake humwangukia aliye karibu, na aliye karibu ni kijana wa msimu. Wavuvi wa Kisumu na Mwanza, walioyaona magugumaji yakifunga bandari zao tangu miaka ya 1990, wasingemkasirikia kijana huyo. Wangetamani angalikuwapo mmoja kama yeye kwenye mito yao.

Siku ngumu kuliko zote ni sikukuu ya uhuru wao, tarehe 4 Julai. Mwaka 2023, katika ufuko mmoja wa upande wa Nevada ulio chini ya serikali kuu, si wa jimbo, watu walisherehekea kutwa nzima wakaondoka, na kesho yake mamia ya watu waliojitolea wakaokota kandokando ya ziwa takataka zaidi ya kilo 3,800, nyingi zikiwa za ufuko huo: viti, mahema, viatu, makopo, na mapande ya plastiki yasiyohesabika. Picha zake zilizunguka duniani. Mwaka uliofuata pakatiwa malipo, marufuku ya pombe na askari wa kutosha, na ufuko ule ule ukaamka karibu safi. Mimi nimelitafakari jambo hilo, na sikubaliani na wale wasemao kwamba watu walibadilika kwa mwaka mmoja. Watu ni wale wale. Kilichoongezeka ni waangalizi, na mwangalizi ni mshahara.

Tena kuna sahani ya kupimia uangavu wa maji. Tangu mwaka 1968 wanazuoni wa chuo kikuu huko Davis, California, hushusha majini sahani nyeupe iliyofungwa kamba, wakaandika ni wapi inapotoweka machoni. Mwaka ule wa kwanza ilionekana hata mita 31 chini. Miaka hii hutoweka baina ya mita 18 na 22. Sababu kubwa ni vumbi jembamba la barabara na viwanja vya nyumba, linalochukuliwa na mvua, na vijimea vinavyokua humo. Fundi anayepanga magogo kando ya njia ili mgeni asikate mkato mteremkoni, anazuia vumbi hilo kwa kiasi cha viatu vichache.

Nimewaeleza ufundi. Sasa nieleze barua ya ajira, maana hapa ndipo moyo wangu unaposita.

Sisi tuna neno kibarua, nalo si neno la dharau kwa asili yake. Ni barua ndogo: kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kazi ya siku, kiwe ushahidi kwamba amefanya kazi na anastahili kulipwa, hatimaye jina la karatasi likamwangukia mwenye kuibeba. Huko Tahoe mtu ni fundi kwa mikono na kibarua kwa karatasi. Katiba ya California hairuhusu ajira ya muda ipite miezi 9 katika miezi 12 inayofuatana. Na katika misitu ya serikali kuu inayopakana na hifadhi hizo, ambako cheo hiki cha fundi wa mapumziko kinajulikana sana, ajira ya msimu ni sharti iwe pungufu ya saa 1,040 kwa mwaka wa utumishi. Fanyeni hesabu nami: majuma 52 mara saa 40 ni saa 2,080, na nusu yake ni 1,040. Basi mtu hupewa saa 1,039. Amekatiwa saa moja tu asiitimize nusu ya mwaka, na katika saa hiyo moja ndimo ilimojificha tofauti ya mwajiriwa na mpita njia.

Sisemi kwamba wote wanaonewa. Wako wanafunzi wanaotaka miezi mitatu tu ya jua na fedha za vitabu. Wako wazee waliostaafu, wanaoona raha kuamka mahali penye maji. Wako wanaoshuka na msimu mmoja na kupanda na mwingine, wakiisha kufunga kambi za joto huenda kuendesha mitambo inayowapandisha watelezaji wa theluji milimani. Hao wanauchukulia mwaka kama mabaharia wetu walivyouchukua, upepo kwa upepo. Lakini nyumba za kando ya ziwa lile zina bei ya kutisha, na mtu anayelitunza huenda akalala ndani ya gari lake, au watu watano katika chumba cha wawili, au akaendesha saa nzima kutoka bonde la ng'ambo kuja kufungua lango saa kumi na mbili. Nilipofika huko nilizungumza na bwana mmoja mwenye mvi, aliyekuwa amerudi kwa misimu kumi na mmoja. Kila mwaka hujaza upya fomu ya maombi, akaeleza upya kama anajua kushika msumeno, akaandikiwa upya kuwa ni mfanyakazi mpya. Nikamwuliza kama haoni vibaya. Akajibu kwamba zamani aliona vibaya, sasa anaona hesabu. Kisha akaniuliza kama nimepata kulitazama ziwa mwezi Oktoba, wageni wakiwa wameondoka.

Sikuwahi. Basi akanichukua.

Ilikuwa siku ya kufunga maji. Baadhi ya miti ilikuwa imegeuka rangi ya dhahabu, kambi iko tupu, meza zimepinduliwa, na ziwa limetulia hata mtu akasikia kokwa la msonobari likidondoka ng'ambo ya ghuba. Tukatembea bomba kwa bomba. Yeye akifungua mahali pa chini kabisa, maji yakitoka, kisha akipuliza hewa kwa mtambo mpaka matone ya mwisho yaruke, naye akiegemeza sikio kama mganga kifuani mwa mgonjwa. Njia nzima alikuwa akihesabu hatua zake kwa sauti ndogo, nami nilidhani ni mazoea ya uzee.

Tulipofika katika kibanda cha pampu alitoa penseli na kipande cha karatasi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaandika kwa muda mrefu. Aliandika kwamba kilango kikubwa cha maji hakionekani mwezi Mei, kwa sababu theluji hukawia pale. Kwamba mtu asimame kwenye msonobari uliopigwa radi, aelekee ziwani, ahesabu hatua kumi na mbili, ndipo achimbe. Kwamba koki ya tatu hufunguka kwa kuzungushwa kushoto, si kulia kama nyingine, na aliyeifunga hivyo ni yeye, mwaka bomba lilipopasuka, naye anaomba radhi. Kwamba dubu jike mwenye kovu sikioni ana watoto wawili na hana ubaya. Hakuandika jina lake. Nikamwuliza anamwandikia nani. Akasema saa zake zimekwisha tangu mchana, na barua ya mwakani ni ya atakayepewa, huenda akawa yeye na huenda akawa kijana asiyepata kuona theluji. Akaikunja ile karatasi, akaitia ndani ya mfuko wa nailoni isilowe, akaitundika kwenye msumari juu ya pampu, tukatoka, akafunga kibanda.